Kulia au kushoto pasipo na njia ya miguu?

Moi Avenue ya Mombasa, pale Mapembeni, swali hili halina kazi. Njia ya miguu ipo. Lakini vuka Daraja la Nyali uingie mitaa ya ndani ya Kisauni, ambako lami huishia mchangani, ndipo utakapolazimika kuchagua upande.

Wengi wetu hushika kushoto. Matatu husimama upande huo, ukishuka unaendelea tu na safari yako. Ubaya ni kwamba Kenya magari hupita kushoto, kwa hiyo yote ya upande wako yanakuja mgongoni. Unabaki kutegemea masikio, na masikio hayafui dafu mbele ya muziki wa matatu. Mimi usukani wa bodaboda ulishawahi kuninasa mkoba. Dereva nilimwona alipogeuka kusema "pole, mama".

Kulia, kama kanuni zinavyotaka, gari unaliona likija. Tuktuk ikikwepa shimo na kukujia, unayo nafasi ya kuruka pembeni. Sisemi ni salama kabisa: kuna bodaboda wanaopita upande usio wao, hao hukutokea nyuma. Na kwenye kona kali ya kulia dereva hakuoni mpaka akufikie, hapo heri uvuke mapema.

Mimi ni wa kulia, hasa baada ya magharibi. Nikiwa na buibui jeusi huwasha tochi ya simu nikaielekeza chini, isije ikampofusha dereva. Kushoto nahamia karibu na steji tu, matatu iliyokuwa imesimama ikishaondoka.