Nintendo Switch mtandaoni: ruta ya nyumbani au hotspoti ya simu?
Kucheza kwenyewe kwenye konsoli hii ya michezo hakuli bando sana. Kinacholimaliza ni kupakua michezo na masasisho, maana mchezo mmoja unaweza kupita GB 10. Hapo ruta inashinda bila ubishi. Switch inashika masafa mawili ya Wi-Fi, 2.4 GHz na 5 GHz: chagua 5 ukiwa karibu na ruta, 2.4 kama kuna kuta katikati.

Hotspoti inafaa safarini, ila pima muunganisho kwanza kwenye mipangilio ya intaneti. Ukiona NAT (namna mtandao unavyopitisha miunganisho ya vifaa) ni aina ya D, michezo inayounganisha wachezaji moja kwa moja itakusumbua. Mara nyingi chanzo ni kampuni ya simu kuwagawia wateja wengi anwani moja ya IP. Mimi hotspoti naiachia mchezo wa Fortnite, ambao hupitia seva badala ya kuunganisha wachezaji moja kwa moja, na hata usajili wa kulipia wa Nintendo hauhitaji.