Wiki sita za kumfundisha Bosi asiue kuku

Banda langu liko Kayenze, hatua chache kutoka Ziwa Victoria. Usiku kicheche, mchana kenge anapanda kufuata mayai. Nikanunua Bosi, ana damu ya Anatolia, wale mbwa walinzi wa mifugo wa Uturuki. Kicheche kweli akakoma. Lakini Bosi alipofika miezi saba akaanza yeye kuua kuku. Hakula hata mmoja! Anamkimbiza, anamlamba, anambana kwa miguu mpaka anakata roho, halafu anakaa pembeni akishangaa mbona mwenzake hachezi tena.

Mama mkwe akasema huyo ni wa kutupa. Jirani akanishauri nimfunge mzoga wa kuku shingoni. Mimi nikamwita mkufunzi kutoka mjini: shilingi 150,000, siku moja kila wiki kwa wiki sita.

Siku ya kwanza Bosi hakuguswa karibu saa nzima, nilichunguzwa mimi. "Mzee, huyu unamlishia wapi?" Nilikuwa namwekea ugali na dagaa uani, kuku wanakuja kudonoa bakuli lake. Akaguna. Tangu siku hiyo Bosi anakula nyuma ya nyumba, peke yake.

Ikafuata kamba ya mita tano. Alfajiri tunatembea hadi mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia, na kurudi, apunguze nguvu, ndipo tunakaa naye karibu na kuku. Akikaza macho na kusimamisha masikio, unamwambia "Acha!" hapo hapo, kabla hajanyanyuka. Akigeuza uso, anapewa kipande cha sangara. Akishachomoka mbio, neno lako halina kazi. Nilichelewa mara mbili, na mara zote mbili tulikula mchuzi ambao hatukuupanga.

Kilichoniudhi ni ahadi. Mkufunzi aliniambia mwezi mmoja tu mbwa atalala na vifaranga. Wapi! Mbwa wa aina hii akili hutulia kwenye mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Bosi sasa ana miezi kumi na mmoja. Matetea hana habari nao, juzi mmoja alimpanda mgongoni akimdonoa kupe, naye kasinzia. Vifaranga wakitimka, bado mkia unasimama, kwa hiyo nikitoka anabaki nje ya wavu.

Ningemwita tena mkufunzi yule, ila mbwa akiwa na miezi mitatu. Na wiki ya nne hakutokea, akasema mvua. Shilingi 25,000 yangu bado naidai.