Siga nyembamba za Kuba: ipi ununue kwanza, ipi usubiri

Ukiingia leo kwenye duka la siga za Kuba, utaonyeshwa kwanza zile nene: Partagás Serie D No. 4 ya unene wa 50, Cohiba Siglo VI ya 52, Behike za 52, 54 na 56 zilizotoka mwaka 2010, au Romeo y Julieta Wide Churchills ya 55. Soko limeelekea huko kwa miaka mingi, na Habanos S.A., kampuni inayouza siga za Kuba duniani tangu 1994, imewafuata wanunuzi. Nyembamba za zamani zimekuwa zikiondolewa moja baada ya nyingine. Le Hoyo du Gourmet (urefu wa milimita 170 kwa unene wa 33) haimo tena kwenye orodha, na La Gloria Cubana Médaille d'Or No. 1 (185 kwa 36) nayo imekwenda. Kwetu sisi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ladha ya tumbaku ya Kuba haisikiki popote kwa uwazi kama ndani ya siga nyembamba.

Namba ya unene, ambayo Wakuba huiita cepo, huhesabu sehemu za 64 za inchi. Siga ya 64 ina kipenyo cha inchi moja kamili, milimita 25.4. Ya 38 ina milimita 15.1 na ya 52 ina 20.6. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini zikikatwa katikati, uso wa ile ya 52 ni mara 1.87 ya uso wa 38. Majani ya ndani yameongezeka karibu maradufu, ilhali jani la nje limeongezeka kwa zaidi kidogo tu ya theluthi.

Kwenye siga nene msokotaji ana nafasi ya kupanga volado, jani linalosaidia kuwaka, seco lenye harufu, na ligero lenye nguvu, ambalo huwaka polepole na hukaa katikati. Kwenye ya 33 au 38 nafasi hiyo ni finyu. Ligero likizidi kidogo, moto unakwenda upande. Kwa hiyo jani la nje, capa, ndilo linaloongoza ladha: mwerezi, karanga zilizokaangwa, asali, nyasi kavu. Wanaopenda nene hawajakosea; moshi wake ni wa baridi zaidi na humsamehe mvutaji mwenye haraka. Nyembamba haisamehi, na ndiyo maana wengi huiacha baada ya kuijaribu mara moja.

Hizi hapa chini tumezipanga kwa kuangalia ladha, jinsi hewa inavyopita, na kama bei inalingana na kinachopatikana. Kwenye mabano ni urefu kwa milimita, kisha unene. Zote ni za kusokotwa kwa mkono kwa majani marefu. Vipakiti vidogo vya bati au karatasi vyenye majina Mini, Club na Purito tumeviacha nje: hutengenezwa kwa mashine kwa tumbaku iliyokatwakatwa, hata kama pete ya karatasi inayozunguka siga imeandikwa Cohiba au Montecristo.

1. Trinidad Fundadores (192 × 40)

Jina la Trinidad lilianza mwaka 1969 kwa siga za zawadi za kidiplomasia, na Fundadores ilipoingia madukani mwaka 1998 ilitoka ikiwa na unene wa 40 badala ya 38 ya awali. Tofauti hiyo ya namba mbili ni chini ya milimita moja, lakini inampa msokotaji nafasi ya kutosha ili hewa ipite. Ndiyo sababu tunaiweka juu ya Cohiba Lanceros: uwezekano wa kukuta iliyoziba ni mdogo zaidi. Huanza taratibu kwa krimu na mwerezi, na baada ya theluthi ya kwanza huja viungo na kahawa ya maziwa. Tenga dakika 90 au zaidi. Huuzwa kwenye kasha la 24. Ikiwa na chini ya miaka mitatu, mara nyingi huwa imefungana ladha. Tafuta yenye umri.

2. Por Larrañaga Montecarlos (159 × 33)

Kwa fedha inayotoka mfukoni, hii ndiyo bora kuliko zote, na kama bei ndiyo kigezo chako kikuu ianze kabla ya Fundadores. Por Larrañaga ni jina la mwaka 1834, halitangazwi sana, na ndiyo maana bei yake haijapaa kama za Cohiba. Montecarlos ina utamu wa sukari iliyoungua na asali, nguvu ya chini hadi ya wastani, na huisha ndani ya dakika 40 hivi. Kasoro zake ni mbili. Kwa milimita 13 za kipenyo, fundo moja dogo ndani linatosha kuiziba. Katika kasha la 25 tarajia chache za namna hiyo. Pili, upatikanaji wake ni wa kubahatisha, kwa hiyo ukiikuta kwa msambazaji rasmi usingoje mwezi ujao.

3. Cohiba Lanceros (192 × 38)

Umbo hili, ambalo kiwandani huitwa Laguito No. 1, ndilo lililoipa Cohiba sura yake. Siga hizo zilianza kusokotwa mwaka 1966 kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali, kisha zikaanza kuuzwa kwa umma mwaka 1982. Majani ya seco na ligero ya Cohiba hupitia uchachushaji wa tatu ndani ya mapipa, na katika Lanceros ulaini huo unasikika kuliko katika Cohiba yoyote nene. Iliyokaa vizuri kwa miaka mitano au zaidi haina mpinzani kwenye orodha hii. Iko nafasi ya tatu kwa sababu mbili tu: bei za Cohiba na Trinidad zilipandishwa sana duniani kote mwaka 2022, na Lanceros iliyoziba ni hasara inayouma kweli. Usinunue kasha zima kabla ya kujaribu mbili tatu za rejareja.

Dada yake mfupi, Coronas Especiales (152 × 38), ana tabia ileile kwa muda mfupi zaidi. Exquisitos (126 × 33) ni ya nusu saa; nzuri, ila kwa bei ya sasa Montecarlos inaizidi.

4. Montecristo No. 3 (142 × 42) na No. 4 (129 × 42)

Zamani 42 ilikuwa unene wa kawaida kabisa. Leo inahesabiwa nyembamba. Hapa ndipo pa kuanzia kwa anayetoka kwenye 50 na 52, kwa kuwa hazihitaji mkono mwepesi kama wa 38. No. 4 imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa siga za Kuba zinazouzwa zaidi, na hupatikana hata mahali ambapo nyingine hakuna. Uzalishaji mkubwa una gharama yake: kasha moja kahawa na kakao, kasha lingine uchungu na moto unaopinda. Tunapendelea No. 3, urefu wa ziada unaipa nafasi ya kubadilika.

5. Fupi: Partagás Shorts (110 × 42) na Trinidad Reyes (110 × 40)

Shorts ni pilipili, udongo na mkate ulioungua, nguvu kamili kwa dakika 30. Reyes ni tulivu zaidi na ghali zaidi. Mwenye bajeti ndogo achukue Shorts.

Kukagua kabla ya kulipa

Geuza kasha. Chini lazima kuwe na chapa ya moto iliyokandamizwa kwenye ubao: Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Kando yake kuna muhuri wa wino wenye herufi za kiwanda, mwezi kwa Kihispania na mwaka. ABR 21 ni Aprili 2021, ENE ni Januari, DIC ni Desemba. Lebo ya dhamana ya kijani na nyeupe ina namba inayoweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Habanos. Kasha la Cohiba lenye kifuniko cha kioo au plastiki ni bandia, bila mjadala. Ni bandia pia karibu zote zinazouzwa mitaani Havana na mtu anayesema ana ndugu kiwandani.

Kisha ibonyeze siga taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka mguuni, upande unaowashwa, hadi kichwani, upande wa mdomo. Sehemu ngumu kama mbao ni fundo na hewa haitapita. Sehemu inayobonyea sana ni pengo, na hapo itawaka kwa joto kali. Kwenye nene kasoro kama hizo hufidiwa na majani ya jirani. Tundu la duara kama limechomwa kwa sindano nene ni la mdudu wa tumbaku, na kasha lote liachwe.

Anayeishi Marekani ajue kwamba vikwazo vya nchi hiyo dhidi ya Kuba vya mwaka 1962 bado vipo, na tangu Septemba 2020 hata msafiri haruhusiwi kuingia na siga za Kuba kwa matumizi yake mwenyewe.

Kuhifadhi

Nyembamba huvimba kwa unyevu na kuziba haraka. Weka unyevu wa asilimia 62 hadi 65, si 70 inayoandikwa kwenye vitabu vya zamani. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hewa ya nje hupita kiwango hicho, na joto likizidi nyuzi 24 mayai ya mdudu yanaweza kuanguliwa. Chombo cha plastiki cha chakula kinachofunga kabisa, pakiti moja ya kudhibiti unyevu ya 62, na chumba chenye kiyoyozi au jokofu la mvinyo la nyuzi 18 vinatosha. Dubai na Muscat tatizo ni kinyume: kiyoyozi hukausha, na capa hupasuka. Zilizosafiri kwa ndege zipumzishe wiki tatu au nne.

Kuvuta

Kata milimita mbili tu za kofia, kipande cha jani kinachofunika kichwa. Ukizidisha, jani linafunguka. Tundu la kutoboa halifai kwenye kichwa chembamba kwa sababu hukusanya lami na uchungu. Vuta kavu kabla ya kuwasha: hewa ikikataa, pitisha sindano ndefu ya kuzibua polepole mpaka kwenye fundo, izungushe, itoe. Washa kwa njiti au mwali laini. Kiberiti cha mwali mkali huunguza mguu mdogo kama huu kwa sekunde moja, na uchungu huo hubaki hadi mwisho.

Vuta mara moja kila sekunde 60 hadi 90, kwa ulaini, bila kumeza moshi. Siga ikipata joto vidoleni, iache dakika mbili, kisha puliza nje kidogo kuondoa moshi uliochakaa. Majivu yagonge yakifika sentimita mbili, kwa sababu hayashiki kama ya siga nene. Zikibaki sentimita nne, iache izimike yenyewe. Kutomeza moshi hakuondoi hatari: siga husababisha saratani ya mdomo na ya koo, na nikotini yake hupita kwenye ngozi laini ya mdomo. Tumbo lisiwe tupu, na pembeni weka kahawa isiyo na sukari au maji. Kinywaji kitamu hufunika capa, ambayo ndiyo uliyolipia.