Common App: kuongeza chuo ni sekunde tatu, kukiomba ni shughuli ya wiki

Kuongeza Harvard kwenye orodha yako ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi, hasa vya Marekani, kwa fomu moja, hakuhitaji hata dakika. Unaandika jina, unabofya, limeingia. Huo ndio uzuri wa huduma hii na ndio mtego wake. Ilianza mwaka 1975 na vyuo 15. Leo inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, na akaunti moja inabeba hadi 20. Kwa kutuma maombi ni chombo kizuri. Kwa kuamua uombe au uache, hakikusaidii kitu, kwa hiyo hesabu hiyo uifanye mwenyewe kabla hujalipa ada.

Anza na ukweli wa namba. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 ikakubali 1,937, yaani chini ya wanne katika kila mia. Hata hivyo usiichukue hiyo kama ndiyo nafasi yako. Ni wastani unaochanganya wanamichezo waliosakwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, na mwombaji asiye na mtu wa kumtaja.

Kinachopima zaidi ni fedha, na Common App imekificha ndani ya swali moja la ndiyo au hapana kwenye ukurasa wa kila chuo: je, unakusudia kuomba msaada wa fedha? Kwa mwombaji asiye raia wa Marekani, jibu hilo lina uzito tofauti kutoka chuo hadi chuo. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kukuchagua, na ukikubaliwa wanaziba pengo lote kati ya gharama na kile familia yako inachoweza kulipa. Stanford wanaangalia. Tena ukijibu hapana ukidhani unajiongezea nafasi, mlango umefungwa: mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada pamoja na maombi ya kujiunga hawezi kuuomba Stanford miaka yote minne. Familia nyingi hujibu swali hili mwishoni, usiku, zimechoka. Lijibuni kwanza, na anayelipa awepo.

Halafu hesabu maandishi. Insha kuu ni moja, maneno 250 hadi 650, na inakwenda kwa vyuo vyote. Hapo watu hudhani wamemaliza. Kumbe kila chuo kigumu kina maswali yake: Harvard matano ya maneno 150, Stanford insha tatu za hadi maneno 250 na majibu matano ya maneno 50. Vyuo viwili tu, na tayari ni hadi maneno 1,750 juu ya insha kuu, ambayo hayahamishiki ovyo kutoka chuo kimoja kwenda kingine. MIT hawamo kabisa kwenye Common App. Wana mfumo wao. Kigezo chetu ni hiki: kama huwezi kujibu swali la "kwa nini hapa" kwa kutaja maabara, kozi au utaratibu ambao chuo jirani hakina, kitoe kwenye orodha. Ada ya vyuo vya kundi hili huwa kati ya dola 75 na 100. Msamaha wa ada upo, lakini kwa waombaji wa kigeni kila chuo kina masharti yake, basi waulize mapema.

Sehemu ya shughuli za nje ya darasa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Zinaruhusiwa 10, na maelezo ya kila moja yasizidi herufi 150 pamoja na nafasi. Mtu anaandika: "Nilikuwa mwanachama hodari wa klabu, nikajifunza uongozi na ushirikiano." Karibu nusu ya nafasi imeisha, msomaji hajaona kitu. Linganisha: "Nafundisha hesabu wanafunzi 14 wa madarasa ya chini, saa 2 kila Jumamosi, natunga mazoezi 20 kwa wiki na kuyasahihisha." Bado hazijafika 150. Cheo kina kisanduku chake, kwa hiyo usikirudie kwenye maelezo.

Barua za walimu za kukupendekeza zina kasoro mbili za kuziangalia. Ya kwanza, huwezi kumwalika mwalimu kabla hujajaza fomu ya FERPA (sheria ya Marekani ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi) inayouliza kama unaacha haki ya kuzisoma barua hizo. Ukishaalika, jibu halibadiliki. Karibu kila mshauri atakwambia uiache haki hiyo, maana barua ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma haiaminiki sana. Ya pili, mwalimu anapandisha barua moja inayokwenda kwa vyuo vyote ulivyomweka. Akiandika "anafaa sana Yale", Stanford nao wataisoma hivyo hivyo. Mwambie mapema asitaje chuo.

Mfumo hufunguliwa upya kila tarehe 1 Agosti. Majibu ya jumla hubaki, majibu ya ukurasa wa chuo hufutika. Kwa hiyo fungua akaunti mapema, soma maswali ya msimu uliopita upate picha, lakini rasimu zako ziweke kwenye faili la nje. Maandishi yaliyonakiliwa pia huingia yakiwa yamepoteza mpangilio, hivyo yakague kwenye PDF ambayo mfumo unakutaka uifungue kabla ya kutuma. Soma PDF nzima, usiishie ukurasa wa kwanza.

Saa ya mwisho kwa kawaida ni 11:59 usiku kama Wamarekani wanavyohesabu, yaani saa 5:59 usiku kwa Kiswahili, kwa majira ya mahali ulipo. Ukituma, skrini inamwaga karatasi za rangi kama harusini. Usishangilie bado: baadhi ya vyuo vina maswali ya ziada yanayotumwa kwa kitufe cha pili, na wengi wameyaacha humo humo. Rudi kwenye orodha yako, uhakikishe kila sehemu ya chuo hicho inaonyesha kuwa imetumwa.