Baiskeli ya mtumba ya Kibuye na mlima wa Nandi Hills: uzoefu wangu wa miezi minne

Nianze na mwili wangu, maana wanaosifia baiskeli kwa kawaida ni wembamba na hilo hawalisemi. Nina kilo 94, umri miaka 47, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima, na goti la kushoto lina historia yake. Kama wewe ni kijana unayepanda kilima cha Riat huku unaongea na simu, haya hayakuhusu sana.

Baiskeli niliinunua soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, siku ambayo soko limefurika hadi barabarani. Ni zile za mtumba za watu wazima wa Ulaya: magadi ya kuzuia matope, keria nyuma, taa ya dinamo, magurudumu makubwa membamba, gia za Shimano. Jina la kampuni lilishabanduliwa kwenye fremu. Muuzaji alitaka 18,000, tukavutana, nikampa 13,500. "Omera, hii ni ya Ujerumani," aliniambia akibonyeza breki mara mbili, "kila kitu original, hata breki ni zake zilezile." Hilo la breki alisema kweli tupu, na nitalirudia.

Lengo langu tangu mwanzo lilikuwa moja: kutoka Chemelil hadi Nandi Hills bila kushuka kusukuma. Anayeijua ile barabara anajua nazungumzia nini. Uko chini kwenye uwanda wa Kano, miwa kushoto, miwa kulia, joto la ziwa bado limekung'ang'ania mgongoni, halafu mbele yako ardhi inasimama kama ukuta. Reli ya Kisumu yenyewe imeshika njia yake huku chini, Muhoroni, Chemelil, Kibigori. Barabara ndiyo inayopanda, zaidi ya kilomita 20, mpaka kwenye majani chai karibu mita 2,000 juu ya bahari.

Jaribio la kwanza lilinishinda. Nilipanda matatu hadi Awasi, baiskeli ikafungwa kwenye keria ya juu (kondakta aliitoza nauli kama abiria, nami sikubisha kwa sababu ilifungwa vizuri kuliko sisi tuliokaa ndani), nikaendesha tambarare hadi Chemelil nikiwa na furaha, nikaanza kupanda. Haikupita nusu saa goti likaanza kuongea. Nikasukuma, nikapanda, nikasukuma tena, mwishowe nikageuza.

Nikadhani shida ni tumbo. Tumbo lilikuwa na mchango wake, ila shida hasa ilikuwa meno ya gia.

Baiskeli yangu mbele, kwenye pedali, ilikuwa na duara tatu, za meno 48, 38 na 28. Nyuma, kwenye gurudumu, duara kubwa kabisa lilikuwa na meno 28. Maana yake, hata kwenye gia nyepesi kuliko zote, pedali ikizunguka mara moja na gurudumu nalo linazunguka mara moja, na baiskeli inasogea mita mbili na kidogo. Barabarani Kisumu hiyo ni gia ya kuendea polepole kama bibi harusi. Kwenye mlima, mtu wa uzito wangu anakwenda kilomita tano kwa saa, na kwa mwendo huo unakanyaga kama mara arubaini tu kwa dakika. Kila mkanyago unakuwa kupanda ngazi na gunia begani. Mapafu yana nafasi, lakini goti linalia.

Black Mamba ya marehemu baba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, niliyojifunzia kwa kupitisha mguu chini ya fremu, ilisogea karibu mita tano kwa mzunguko mmoja. Sasa naelewa kwa nini mzee alikuwa akishuka kwenye kila kilima na kuanza kuipiga hadithi baiskeli yake.

Nilimpelekea fundi wangu wa Kondele, anayefanyia kazi chini ya mti, nikamwambia nataka duara kubwa zaidi nyuma. Alicheka kwanza. Akatoa seti ya duara za meno 14 hadi 34, ya kichina, shilingi 1,400. Kuitoa ile ya zamani ndiko kulikokuwa kazi. Ile seti hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, na hii ilikuwa imekanyagwa na Mjerumani miaka mingi. Akakibana kifunguo kwenye jiliwa, akalaza gurudumu juu yake, akalishika kwa mikono miwili kama dereva wa basi anayekata kona, akavuta. Kimya. Akamwita jirani yake anayeuza viatu, wakavuta wawili. Ikatoa mlio kama mfupa, nikafumba macho, lakini ilikuwa imefunguka salama.

Halafu akanionyesha jambo ambalo kwenye matangazo ya baiskeli hutaliona. Cheni ya zamani ilikuwa fupi kwa duara jipya. Akaihesabu pingili kwa kidole gumba, akaongeza nne, akazungusha pedali kwa mkono huku akiutazama ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni. Ukajinyoosha mpaka karibu mwisho. "Mzee, usiwahi kuweka kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja. Huu mkono utakatika, na mimi nitakuuzia mwingine."

Jumamosi iliyofuata nilirudi Chemelil, safari hii nikifika kabla ya saa mbili asubuhi. Msimu wa kuvuna ulikuwa umepamba moto: trekta na trela zake zinapita zimejaza miwa hadi inaburura, na ile inayoanguka inakanyagwa na malori mpaka inakuwa nyuzi nyeupe kwenye lami. Usikanyage nyuzi hizo unapopinda. Zina utelezi kama ganda la ndizi.

Nilipofika penye mwinuko nikaweka 28 mbele, 34 nyuma, nikakaa. Siwezi kueleza vizuri tofauti ilivyokuwa. Kwa hesabu ni kama sentimita 40 tu zilizopungua kwenye kila mzunguko. Mwilini ilikuwa kana kwamba mtu ameshika kiti kwa nyuma na anakusukuma kwa adabu. Mwendo ulikuwa wa aibu, hilo sikatai. Msichana mdogo mwenye mtungi wa maji kichwani alinipita, akageuka kunitazama bila kumwaga tone. Lakini miguu ilizunguka, pumzi ikapata mpangilio wake, na goti likanyamaza.

Miwa inaisha taratibu, yanakuja mahindi na migomba, nyumba zinazoning'inia mteremkoni. Mahali fulani humo katikati unavuka ikweta, kwa sababu Chemelil iko kusini yake na Nandi Hills iko kaskazini. Kwenye kona moja nilisimama kunywa maji, nikageuka. Uwanda wote ulikuwa chini, mashamba ya miwa kama mikeka iliyotandikwa bila mpango, moshi wa kiwanda umesimama wima, na mbali kabisa mstari wa fedha ambao ni Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Watu wanalipa pesa kwenda kuangalia mambo ya namna hii kwa wenzetu. Hapa nililipa nauli ya Awasi.

Juu hewa inabadilika ghafla. Jasho linapoa shatini, unasikia harufu ya mikaratusi, halafu chai inaanza, kijani kilichonyolewa sawasawa hadi upeo wa macho. Niliingia mjini baada ya saa mbili na dakika 50, mapumziko matatu yakiwemo, bila kusukuma hata hatua moja. Nilikula chapati tatu. Baadaye nikapita kwenye kaburi la Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuipinga reli na utawala wa Waingereza, hadi alipopigwa risasi Oktoba 1905 kwenye kikao alichoambiwa ni cha amani. Nikasimama pale kidogo, helmeti mkononi.

Sasa breki.

Niliondoka saa saba, maana Nandi Hills mchana mvua haibishi hodi. Kilomita za mwanzo zilikuwa raha. Mteremko ulipokaza nikabonyeza breki zote mbili, zikapiga kelele iliyosikika mpaka mashambani, na mwendo haukupungua. Nikabonyeza mpaka vishikio vikagusa usukani. Sikungoja kuona kona inayofuata: nikaelekeza baiskeli kwenye majani ya ukingoni, ikasota, nikaangukia ubavu. Hakuna kilichovunjika isipokuwa gadi la mbele. Niligusa rimu nikaondoa kidole haraka, ilikuwa ya moto kama sufuria. Raba za breki zilikuwa zimeng'aa kama kioo.

Basi nikateremka kwa miguu sehemu ile ile niliyoipanda kishujaa asubuhi. Kijana mmoja akaja nyuma yangu na Black Mamba yenye mikungu mitatu ya ndizi, akapunguza mwendo.

"Chamgei, mzee. Pancha?"

"Breki."

Akatazama baiskeli yangu, gia zake 21, taa yake ya dinamo. Akainua mguu wake kunionyesha akala, soli imelika upande mmoja kwa kusugua tairi. "Mimi yangu ni hii," akasema, na akaenda zake.

Fundi alipozitoa zile raba alikunja moja kwa vidole viwili, ikakatika kama biskuti. Raba huzeeka na kuwa ngumu hata kama hazijaisha, na hizi zilikuwa original kweli, pengine za siku baiskeli ilipotoka kiwandani. Jozi mbili mpya, shilingi 300. Tangu hapo nimepanda na kuteremka mara tatu, nikibonyeza na kuachia, nyuma kisha mbele, badala ya kung'ang'ania, na nikisimama mara mbili rimu zipoe.

Jumla nimetumia 15,200 ukiacha gadi, ambalo nimelifunga kwa waya. Ukienda Kibuye usiulize imetoka nchi gani. Geuza baiskeli, hesabu meno ya duara dogo kabisa la mbele, na ubonyeze raba za breki kwa ukucha: ukucha usipoacha alama, ziondoe kabla hujatoka sokoni. Kiti cha Mjerumani bado sijakipatia dawa. Baada ya Chemelil nakaa nusu nusu, kama mtu aliyealikwa mahali asipojuana na wenyeji.