LibreOffice Writer kazini kwangu: namna nilivyozuia maandishi kujigeuza yenyewe

Kazi yangu ni kuchapa nyaraka za watu steshenari: katiba za vikundi, mikataba ya pango, mihtasari ya vikao, barua za kuomba kazi, wakati mwingine hata wosia. Karatasi ikitoka kwenye printa inakwenda kusainiwa au kugongwa muhuri, kwa hiyo ninachokidai kwa programu ya kuandikia ni kimoja tu: herufi niliyoibonyeza ibaki ile ile. Ikitaka kuigeuza, iniachie njia ya kuizuia. Kwa kipimo hicho nimeipima LibreOffice Writer, na kwa jinsi ninavyoitumia kila siku nasema imefaulu, ila ni lazima uipange kwanza kabla hujaipa kazi ya mtu.

Programu niliyoikuta kwenye kompyuta ya duka ndiyo iliyonifanya nitafute nyingine. Mama mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, alileta katiba iliyoandikwa kwa mkono, kila kifungu kikiwa na vipengele (a), (b), (c), (d). Nilipomkabidhi nakala aliisoma palepale kaunta, akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili: "Mwanangu, hiki kiduara chenye herufi ndani ni cha nini? Mbona kwenye a na b hakipo?" Kila (c) ilikuwa imegeuka ©, alama ya hakimiliki. Katiba ile ilikuwa njiani kwenda halmashauri kuombewa usajili. Nikamwambia, "Mama, kompyuta imejibadilishia yenyewe, kaa kidogo nikurekebishie," na nikaipitia yote upya, kifungu kwa kifungu.

Writer nayo huja na badiliko hilo hilo. Ukiiacha kama ilivyosakinishwa, itadhani umekusudia hakimiliki, itadhani vistari vitatu ni mpaka wa aya, itadhani kila nukta imefunga sentensi. Nilichokipenda ni kwamba dhana zote hizi zimewekwa mahali pamoja, na unazima ile usiyoitaka bila kugusa nyingine. Ingia Tools, kisha AutoCorrect Options. Kwenye tabo ya Replace kuna orodha ndefu: kushoto unachoandika, kulia kinachowekwa badala yake. Tafuta mstari wenye herufi C ndani ya mabano, ubonyeze, kisha Delete. Mimi nilifuta na ule wa R, maana katiba ndefu hufika huko. Vilevile 1/2 inayogeuka ½, kwa sababu wateja wangu wengi wakiandika hivyo wanamaanisha tarehe mosi Februari.

Tabo ya Options ina safu mbili za visanduku, M na T, na watu wengi wanazipita bila kuzielewa. T ni yale yanayotendeka unapoandika. M ni yale yanayotendeka pale tu unapoiamuru programu irekebishe maandishi yaliyokwishaandikwa. Kwa hiyo ukiona kitu kinabadilika mbele ya macho yako, toa tiki kwenye T. Na likikukuta jambo katikati ya kazi, usifute kwa Backspace ukaandika tena, maana litajirudia. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo, kabla hujaandika kingine: badiliko linaondoka, maandishi yako yanabaki kama ulivyoyaandika.

Mikataba ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi. Mkataba wa pango unaishia na sehemu za sahihi, na mchapaji yeyote hukimbilia kushikilia kitufe cha vistari vya chini. Aya ikianza na vistari vitatu au zaidi, ukabonyeza Enter, vistari vyako vinatoweka na panatokea mstari mmoja unaokata ukurasa kutoka pambizo hadi pambizo. Ukijaribu kuuchagua kwa mausi haushikiki. Sababu ni kwamba si maandishi tena, umekuwa mpaka wa chini wa aya iliyo juu yake. Kuuondoa, bonyeza kwenye aya hiyo ya juu, ingia Format, Paragraph, tabo ya Borders, uondoe mpaka wa chini. Kuuzuia usirudi, nenda kwenye ile tabo ya Options utoe tiki kwenye Apply border. Ni hivyo hivyo kwa alama ya toa na ya sawasawa zikiandikwa tatu tatu.

Hata hivyo, mstari wa sahihi usiuchore kwa kushikilia kitufe kabisa. Ndani ya Format, Paragraph, kuna tabo ya Tabs. Weka kituo, yaani umbali ambao mstari utakomea, mimi huweka sentimita 14, kisha kwenye Fill character chagua vistari vya chini. Ukirudi kwenye ukurasa andika "Sahihi ya mpangishaji", bonyeza kitufe cha Tab, na mstari unajichora hadi kituoni. Mistari ya mpangaji, mpangishaji na mashahidi wote inakoma mahali pamoja, na hata mteja akiomba fonti kubwa zaidi haisogei. Kwangu hili peke yake lingetosha kuipa Writer alama nzuri.

Hao mpangaji na mpangishaji wananileta kwenye tabo ya Word Completion. Writer huweza kukusanya maneno marefu uliyokwishayaandika kwenye waraka, na ukianza kuandika herufi chache inakupendekezea neno zima. Kwa Kiswahili chetu chenye maneno kama "waliokubaliana" na "yatakayoamuliwa" ni msaada mkubwa. Lakini kwenye mkataba wa pango ni hatari. Ukiandika "mpang" inaweza kukuletea mpangaji au mpangishaji, na kitufe cha kukubali pendekezo kwa kawaida ni Enter, kile kile unachobonyeza kwenda aya inayofuata. Neno moja likikosewa hapo, anayepaswa kulipa kodi anageuka anayepokea. Sikuizima huduma hii. Nilibadilisha kitufe cha kukubali kutoka Enter kwenda End, na tangu hapo halijaingia neno nisilolikubali.

Wanaoandika anwani za Chang'ombe au barua za wilaya ya Nyang'hwale wataelewa kero ya alama ya ng'. Kwenye tabo ya Localized Options kuna sehemu ya Single Quotes, na ikiwa na tiki, ile alama iliyonyooka inageuzwa ya kupinda. Kwenye kitabu inapendeza, sina ubishi. Lakini wateja wangu huja tena kuniomba ninakili maelezo yao kwenye fomu za maombi za mtandaoni, na mfumo usiosoma vizuri usimbaji wa herufi unaonyesha Changâ€™ombe. Nimeiona hiyo kwenye fomu iliyokwishatumwa, kwenye mstari wa anwani ya kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza. Toa tiki hapo, ng' yako itabaki kama ulivyoibonyeza.

Vifupisho navyo vinataka kushughulikiwa. Ukiandika "taz. kifungu cha 4", Writer inaona nukta, inaipa "kifungu" herufi kubwa. Unaweza kuzima kabisa herufi kubwa za mwanzo wa sentensi, lakini mimi naipenda huduma hiyo, kwa hiyo nilikwenda kwenye tabo ya Exceptions nikaongeza vifupisho vyetu: taz., kif., uk., rej. Orodha iliyopo inajua vya Kiingereza, vyetu ni juu yako. Kuhusu barua pepe zinazogeuka bluu na kupigiwa mstari kwenye wasifu wa mtu, zima URL Recognition. Neno likiwa kati ya nyota mbili linaweza kukozwa, yaani kuwekwa herufi nene, na nyota zikapotea, na mimi huchapa mabango ya namba za kulipia kwa simu zenye nyota ndani yake, kwa hiyo kisanduku cha Automatic bold nimekitoa tiki bila kusubiri.

Orodha ile ile ya Replace unaweza kuigeuza ikufanyie kazi. Kwangu "jmt" inakuwa "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", na "mhk" inakuwa "Mheshimiwa Hakimu". Chagua vifupisho visivyo neno halisi la Kiswahili, la sivyo vitakuja kukuvamia kwenye sentensi nyingine.

Sasa mapungufu. La kwanza ni lugha. Orodha za Replace na Exceptions zinategemea lugha ya maandishi, na ukifuta kitu kwenye orodha ya Kiingereza hujakifuta kwenye nyingine. Angalia chini ya dirisha, kwenye mstari wa hali, lugha gani imeandikwa. Ukibonyeza hapo unaweza kuibadilisha kuwa Kiswahili, kisha rudi kwenye AutoCorrect Options uchague lugha hiyo hiyo kule juu, na upekue pia ile iliyoandikwa All. Ningependa kungekuwa na kisanduku kimoja cha kusema "huu ni waraka wa kisheria, usiguse chochote". Cha karibu zaidi ni Tools, AutoCorrect, While Typing. Ukitoa tiki hapo unazuia upangaji wa papo kwa papo, pamoja na ule unaoupenda.

La pili ni menyu. Mashine zetu hapa zote ziko kwa Kiingereza, na vijana ninaowafundisha kazi hukariri majina bila kujua yanasema nini. Inaniuma kwa sababu njia ilishafunguliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Programu ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo tafsiri ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye Kiswahili kizuri anaweza kuichangia.

Kwa steshenari yenye kompyuta zaidi ya moja, si lazima uchape vifupisho vyako upya kila mashine. Orodha za Replace na Exceptions zinahifadhiwa kwenye folda iitwayo autocorr ndani ya wasifu wa mtumiaji (user profile), folda ambamo LibreOffice huweka mipangilio yako. Funga programu, nakili folda hiyo kwenye flashi, ibandike mahali pale pale kwenye mashine nyingine. Tiki za tabo ya Options hazimo humo, hizo zipange kwa mkono.