Uzoefu wangu: Mwaka Mpya wa Kichina katikati ya London

Kwa Waswahili wenzangu mnaoishi London, au mnaokuja kutembea Januari au Februari: sherehe ya Mwaka Mpya wa Kichina haina kiingilio, iko katikati ya jiji, na watoto wataifurahia. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ila nyota hizo si za jukwaa kubwa la Trafalgar Square, ambalo ndilo linaloonyeshwa kwenye televisheni. Ninazipa mitaa ya Chinatown, yaani mtaa wa Wachina, dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo, ambako simba wa kuchezwa na watu huzunguka duka kwa duka mpaka jioni.

Nilienda Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, pamoja na wifi yangu na wanawe. Mwaka wa nyoka (Wachina huuita kila mwaka kwa jina la mnyama) ulikuwa umeshaingia Jumatano iliyotangulia, lakini London sherehe huwekwa Jumapili ili watu wa kazi nao wapate nafasi. Waandaaji ni chama cha Wachina wa hapo hapo Chinatown, London Chinatown Chinese Association. Safari hii kulikuwa na la ziada la kujivunia: Desemba 2024 UNESCO iliuingiza Mwaka Mpya wa Kichina katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Asubuhi ni msafara. Unatoka Trafalgar Square, unapanda Charing Cross Road na kuelekea Shaftesbury Avenue, na ndani yake kuna majoka, simba, magari yaliyopambwa, na vikundi vya watoto wa shule za Kichina za wikendi. Wengi huchanganya joka na simba. Joka ni refu, hubebwa juu ya vijiti na watu wengi, nalo hukimbiza mpira unaotangulia mbele. Simba huchezwa na watu wawili tu waliomo ndani yake. Tatizo la msafara ni umati. Watu huanza kushika nafasi kwenye vizuizi mapema sana, na mtoto mfupi aliye safu ya nyuma ataona migongo ya watu tu. Wifi alimbeba mdogo mabegani hadi akachoka.

Jukwaani zilianza hotuba, ya huyu na ya yule, na baridi inauma. Baadaye wasanii wakapanda, na kusema kweli wanajua kazi yao, lakini tulipokuwa tumesimama tuliwaona zaidi kwenye skrini kuliko kwa macho. Tukaondoka.

Chinatown ndiko nilikokaa, na ndiko ninakokuelekezeni. Gerrard Street na Lisle Street zilikuwa zimetandwa fanusi nyekundu toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Ghafla ukasikia ngoma, matoazi na upatu vikija kutoka kona ya pili, umati ukajigawa wenyewe, na simba akatokea. Waliowahi kufuata zefe la Maulidi kule Lamu wanaujua mwendo huu: ngoma ikitangulia, watu hawaulizi wanapelekwa wapi, wanafuata.

Juu ya mlango wa mkahawa mmoja walikuwa wamening'iniza saladi nzima ya majani, imefungwa pamoja na bahasha nyekundu yenye pesa. Simba hakuirukia. Alisogea, akanusa, akashtuka, akarudi nyuma. Akasogea tena. Ngoma ilikuwa inamfuata kila hatua: akinyata inanong'ona, akishtuka inapasuka. Kichwa cha simba kimeundwa kwa fito za mwanzi na karatasi, na aliye ndani huvuta kamba ili macho yafumbe na kufumbua na masikio yatikisike. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwona yule wa nyuma nguo ilipoinuka: kijana ameinama mgongo umelala kabisa, amemshika mwenzake mkanda wa kiunoni, jasho linamtiririka katika baridi ile, haoni kitu ila visigino vya mwenzake. Halafu kwa mkupuo mmoja akamnyanyua mabegani. Simba akasimama wima, mdomo ukafika juu ya mlango, saladi ikaingia ndani. Kimya kidogo cha kutafuna, kisha majani yakarushwa hewani yakatuangukia vichwani. Kuangukiwa ni bahati njema, kwa hiyo hakuna aliyekwepa. Bahasha inabaki kwa kikundi, na mkahawa umepata baraka ya mwaka.

Wapishi walikuwa wametoka jikoni na aproni zao, wamesimama mlangoni pao wakitazama. Yule mzee wa kaunta aliifuata ile saladi kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Simba alikuwa amewajia wao. Sisi umati tulikuwa tunashuhudia tu, na kwangu hilo ndilo linaloipa sherehe hii uzito, maana siku hiyo hiyo ndiyo wanayouza kuliko kawaida, na hakuna aliyepumzika. Mtaa wenyewe umejengwa na kazi ya namna hiyo. Zamani Wachina wa London walikuwa Limehouse, mashariki mwa jiji, karibu na gati, wengi wao mabaharia. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yakaliharibu eneo lile. Baada ya vita wakaja watu wa Hong Kong, hasa kutoka vijiji vya New Territories, wakafungua mikahawa Gerrard Street kwa kuwa kodi ya pango ilikuwa nafuu. Ndiyo maana wazee wa mtaani bado utawasikia wakiamkiana kwa Kikantoni, Gung hei fat choy, na vijana waliokuja karibuni kutoka China bara wakijibu kwa Kimandarini, Gong xi fa cai. Jibuni yoyote kati ya hizo, watafurahi.

Sasa chakula, hasa kwa sisi tunaokula halali. Kuweni waangalifu. Nguruwe yumo katika vitu vingi: dampling (vifuko vya unga vyenye nyama ndani), maandazi ya mvuke yenye nyama, hata tambi zinazoonekana za mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Ulizeni kabla ya kulipa, na mkiona muuzaji anasitasita, acheni. Sisi tulikula maandazi ya mvuke yenye krimu ya mayai, baada ya muuzaji kutuhakikishia, tukanunua na machenza, ambayo ndiyo tunda la sikukuu yao. Kibanda kimoja cha barabarani kilituuzia tambi za mboga zilizokwisha kupoa, kwa bei ambayo ndani ya mkahawa ungekaa kitako ukaletewa na chai. Nyota ya tano imepotelea hapo na kwenye vyoo, ambavyo ni vichache na foleni zake ndefu.

Kwa usafiri, msishukie Leicester Square. Kituo hicho kiko mlangoni kabisa pa Chinatown, na siku hiyo hufurika mno. Shukeni Tottenham Court Road mteremke kwa miguu. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mbebeni mgongoni. Matoazi yana sauti kali, kwa hiyo mtoto mchanga afunikwe masikio.

Kwa kalenda yao, mwaka wa farasi ni kuanzia tarehe 17 Februari 2026, siku ya Jumanne, na sherehe ya London kwa kawaida huwa Jumapili inayofuata. Safari ijayo mimi nitafika mchana, nile kwanza nyumbani, kisha nisimame Lisle Street, ambako umati ni mdogo kuliko Gerrard Street na simba ni wale wale.